Itaje Kawaida

Wiki iliyopita nilimpeleka shangazi yangu kliniki, na hadi leo neno moja la karani wa mapokezi limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Salamu zilikuwa njema, shikamoo ikaitikiwa, umri na mtaa vikaandikwa kwa Kiswahili kisicho na doa. Ilipofika zamu ya namba ya simu, shangazi, ambaye ameuza vitenge miaka nenda rudi bila kukosea chenji ya mteja, alianza kwa utulivu: sifuri, saba, moja. Karani akainua kalamu, akatabasamu kama anayemsaidia mtoto kuvuka barabara, akasema, "Bibi, itaje kawaida."

Kawaida! Yaani mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, anayehesabu kwa lugha aliyozaliwa nayo, mbele ya karani aliyezaliwa nayo pia, ndiye anayefanya jambo lisilo la kawaida.

Ningependa kusema kwamba nilimtetea, lakini ukweli ni kwamba nilimsogeza pembeni kwa upole na kuitaja namba mwenyewe, ziro seveni wani, nikaridhika na nafsi yangu. Karani alipotaka jina herufi kwa herufi, nikajibu kwa haraka ya msomi: zedi, ii, eni, ei. Yeye, ambaye masikio yake ni ya Kiswahili kama yangu, alisikia i, akaandika i. Shangazi yangu aliingia kliniki akiwa Zena, akatoka na kadi inayomwita Zina. Kila aliyepita madrasa anajua neno hilo linageuka nini likiongezewa a moja tu mwishoni, na shangazi, ambaye ni hajjati, hakuona cha kuchekesha.

Kosa halikuwa la karani. Vokali zetu ni tano tu, na tatu kati yake Kiingereza kimezibandika majina yanayotuvuruga: a inaitwa ei, i inaitwa ai, na e, kwa bahati mbaya kuliko zote, inaitwa kwa sauti ambayo sisi tumekwisha kuipa herufi nyingine. Waingereza wana sababu ya kutajiana herufi, kwa kuwa maandishi yao yaliachana na matamshi zamani, na mtu akikuambia jina lake huna hakika hata kidogo kwamba utaliandika sawasawa. Sisi tuna sababu gani? Jina la Kiswahili likitamkwa polepole, silabi kwa silabi, linakuwa limekwisha kuandikwa: Ze-na, Mwa-na-i-di, Ma-su-di. Mtoto wa darasa la pili aliyefundishwa vizuri angeliandika bila kuuliza swali. Shangazi angeombwa tu kurudia jina lake taratibu, jambo ambalo angelifanya kwa furaha, kwa sababu analipenda. Badala yake tumeazima dawa ya ugonjwa tusiokuwa nao, tukaugua kwa kuinywa.

Najua nitaambiwa habari za kina Mohamed, ambao wengine huandikwa kwa m mbili na wengine huanza na mu, na habari za kina Joyce na Christopher. Haya, hao watajiwe herufi, lakini kwa nini herufi hizo zisiwe a, be, che tulizofundishwa shuleni? Nitaambiwa pia kwamba be, de, pe na te zinafanana mno simuni. Zinafanana, kama zinavyofanana bii, dii, pii na tii, na ndiyo maana marubani wa dunia nzima husema Alfa na Bravo badala ya kutegemea majina ya herufi peke yake. Anayesema "be ya baba" au "pe ya papai" anafanya kazi ileile ya rubani, tena bila kupanda ndege.

Kuhusu namba, nakiri kwa shingo upande kwamba sifuri ina silabi tatu, na kwamba sita na tisa ni herufi zilezile zilizobadilishana nafasi, hivyo mtandao ukikatakata zinaweza kumpeleka mtu pasipo pake. Lakini naini na faivu nazo ziliwashinda hao hao marubani, wakalazimika kusema naina na faifu redioni. Na kinywa hiki kinachodai kwamba Kiswahili ni kirefu hakichoki kusema elfu saba mia tano sokoni, wala tatu bila uwanjani. Sijasikia mtu akialikwa kwenye maonyesho ya Seveni Seveni. UNESCO ilipoitenga Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, ilichagua tarehe 7 Julai, Saba Saba yetu, nasi tunaitangaza kwa kukaribisha wasikilizaji wapige ziro seveni.

Wenzetu wa Lubumbashi kule Kongo, ambao hawakutawaliwa na Mwingereza, hutaja namba kwa Kifaransa, lugha ambayo themanini ndani yake ni ishirini mara nne. Hapo hoja ya ufupi inakufa. Kinachotajwa ni shule: anayesema ziro anatangaza kwamba alipita sekondari, na anayesema sifuri anashukiwa kuwa hakufika. Hiyo ndiyo kawaida aliyoitaka karani, na ndiyo niliyoikimbilia mimi.

Niliirudisha kadi dirishani. Karani, ambaye kwa kweli ni binti mwenye adabu, aliomba radhi, akalikata jina kwa mstari, kisha akauliza kwa hofu ya kukosea tena, "Ni ii ipi?" Nilikuwa nimekwisha kukifungua kinywa changu cha sekondari, lakini shangazi, aliyezijua herufi zake kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, akanitangulia.

"E ya embe, mwanangu," akasema, na karani akaandika.