Fedha za Kuzindua Bomba Zipo, za Kulitunza Hazipo

Kijijini kwetu Makete maji hushuka kwa mserereko kutoka mlimani, bila pampu wala dizeli, kupitia mabomba yaliyolazwa miaka ya 1980 kwa fedha za Denmark, ambayo wakati huo ilifadhili miradi ya maji vijijini katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma. Leo ninaishi katika nchi hiyohiyo, kwenye kijiji kimoja cha rasi ya Jutland, na nimeelewa ni kitu gani hatukuachiwa pamoja na mabomba yale.

Hapa kisima na mtambo ni mali ya watumiaji wenyewe, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Denmark. Kila nyumba hulipa ada ya mwaka isiyobadilika, iwe imetumia maji au haikutumia, kisha hulipia kila yuniti. Katika mkutano mkuu uliopita tulijadiliana kwa zaidi ya saa nzima kuhusu kipande cha bomba ambacho hakijavuja hata tone, ila umri wake umefika, na fedha za kukibadilisha zilikuwa zimeshawekwa akiba.

Nilipokwenda likizo nilikuta kilula, yaani bomba la umma la kuchotea maji, cha jirani na kwa mama kimefungwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kwenye maungio, na akina mama wamepanga ndoo wakisubiri maji yanayotoka kama uzi. Msimamizi alinifungulia daftari lake: fedha za ndoo zinatosha posho yake na koki mpya, basi. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka wananchi wabebe gharama za uendeshaji na matengenezo, na sheria ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, imeimarisha vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, jambo ninaloliunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, hakuna bei ya ndoo itakayobadilisha kilomita za bomba la miaka 40, na kumpandishia bei mjane asiye na mshahara, tofauti na jirani yangu wa hapa, ni kumrudisha mtoni. Gharama hiyo ni ya serikali, na itengewe fungu kila mwaka kabla bomba halijapasuka.

Nasi tulio nje tuna sehemu yetu. Umoja wetu unachangisha fedha za kisima kipya chenye kibao cha majina ya wachangiaji. Ninawaomba ndugu zangu michango ya mwaka huu iende kwenye bomba la zamani, tuanzie pale penye ukanda wa tyubu.