Milima ya Alps Inaonjwa Pia

Kila ikifika kiangazi, simu yangu hujaa picha za wenzetu waliopanda Alps: koti jekundu, miwani ya jua, kilele cheupe nyuma yao. Napenda kuziona na ninawafurahia. Lakini wanaporudi huwa nawauliza swali ambalo wengi hawana jibu lake: mlikula nini? Wananiambia walibeba tambi za kumwagia maji moto, wakazila chumbani hotelini ili kubana matumizi, na hela yote ikaishia kwenye tiketi ya kileleni. Mimi naona wamepunjwa. Milima ile ina watu, na habari nyingi za watu hao ziko kwenye sahani.

Nasema hivi baada ya kuzunguka kule na marafiki, watu wa Dar, Mombasa na Moshi waliotawanyika miji mbalimbali ya Ulaya, tukakutana Milano. Safari ilianza na ubishi. Mmoja alitaka tuelekee moja kwa moja Jungfraujoch, kituo cha treni cha Uswisi kilichoko mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, kilichofunguliwa mwaka 1912. Ni kazi kubwa ya uhandisi. Reli imetobolewa ndani ya mwamba wa mlima Eiger. Lakini tiketi yake inauma, na siku ya mawingu unalipa fedha nyingi kutazama ukungu. Yule wa Moshi ndiye aliyemaliza ubishi. "Mimi nimekulia chini ya Kilimanjaro, mita 5,895," alisema. "Urefu peke yake haunitoi nyumbani. Nataka kujua hawa wanaishije huko." Tukapanda treni ya Tirano.

Tirano ni mji mdogo wa Italia mpakani na Uswisi, katika bonde la Valtellina. Chakula cha pale ni pizzoccheri: tambi fupi, pana, za kijivu, za unga wa grano saraceno, nafaka inayokomaa haraka na kuvumilia ardhi duni kuliko ngano. Viazi na kabichi huchemshwa, tambi zikaingia sufuria hiyohiyo. Vikishachujwa hupangwa tabaka kwa tabaka na jibini, kisha siagi iliyochemshwa na vitunguu saumu humiminwa juu ikiwa bado inatokota. Yetu ilipofika mezani, jibini ilivutika kutoka sahani hadi uma, na siagi ilikuwa imejikusanya pembeni, rangi ya hudhurungi. Nyama hakuna hata chembe. Kilichomo bakulini ni kile ambacho mteremko ule unaweza kutoa: mazao ya penye baridi na maziwa ya ng'ombe.

Iliyotugusa zaidi ni polenta, na kwetu haikuhitaji mkalimani. Ni ugali: unga wa mahindi ya njano, maji na chumvi, unasongwa kwa mwiko mrefu kwenye sufuria ya shaba. Ila wao husonga taratibu dakika 40 au zaidi, na unga wao ni wa chengachenga, kwa hiyo unausikia ulimini. Kule Valle d'Aosta, jimbo la Italia, huchanganya humo jibini ya fontina na siagi. Mahindi yalifika Ulaya kutoka Amerika baada ya safari za Columbus, kama yalivyotufikia sisi, na yakawa chakula cha asiye na kitu.

Hapo ndipo pana historia inayouma. Katika karne ya 18 na 19, maskini wa Lombardia na Veneto, kaskazini mwa Italia, walikula polenta karibu bila kitoweo, wakaugua pelagra: ngozi kubabuka, kuharisha, akili kuvurugika, na mwishowe kifo. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini mwili hauwezi kuinyonya vizuri yakipikwa hivihivi. Wenyeji wa Amerika waliyachemsha kwa chokaa au majivu, na hilo huifungua vitamini hiyo. Ulaya ilichukua mbegu ikaacha ujuzi. Aliyekuwa na maziwa, nyama au samaki pembeni ndiye aliyenusurika. Tangu nilipolijua hili, siitazami tena ile jibini ndani ya polenta kama anasa ya watalii. Sisi tunaojua nyumba ambazo ugali huliwa kwa chumvi mwisho wa mwezi hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Jibini nayo ina sababu yake. Mwanzoni mwa kiangazi ng'ombe hupandishwa malisho ya juu, na Septemba hushuka wamevalishwa maua na kengele. Maziwa yangeharibika kabla ya kufika bondeni, kwa hiyo hugandishwa hukohuko yakawa akiba ya majira ya baridi. Desemba 2023 UNESCO iliuweka utaratibu huo wa Uswisi katika orodha ya urithi wa utamaduni.

Hata makumbusho niliyoyapenda kuliko yote yana habari ya mlo. Bolzano, mji wa kaskazini mwa Italia, wamehifadhi mwili wa Ötzi, mtu aliyeuawa kwa mshale milimani zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, akaonekana mwaka 1991. Unamtazama kupitia kidirisha kidogo cha chumba chenye baridi kali. Tumboni mwake wanasayansi walikuta nyama ya mbuzi mwitu wa milimani, nyama ya kulungu, ngano ya kale, na mafuta mengi. Mtu yule alijua chakula gani kinampandisha mtu mlima.

Rafiki yetu wa Mombasa hagusi nguruwe wala pombe, na hakushinda njaa. Pizzoccheri alikula, polenta alikula. Fondue aliiacha kwa sababu jibini yake huyeyushwa ndani ya mvinyo mweupe. Bolzano kuna canederli, matonge ya mkate uliokauka. Mengi yana nyama ya nguruwe, lakini yapo ya jibini na ya spinachi. Uliza kabla ya kuagiza.

Sisemi watu wasipande kabisa. Kama una hela ya mpando mmoja, nenda Montenvers, juu ya Chamonix nchini Ufaransa, ukauone mto wa barafu wa Mer de Glace. Njia tuliyoshukia barafuni ilikuwa na vibao vya miaka, kila kimoja kikionyesha barafu ilikofika wakati huo, na bado tulishuka na kushuka. Yule wa Moshi alisema ndivyo wazee wake wanavyosimulia barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

Kwa anayepanga kwenda, nashauri aanzie Tirano. Kula mchana, halafu panda treni ya Bernina kuelekea St. Moritz, Uswisi. Wengi hukimbilia Bernina Express yenye madirisha makubwa, ambayo lazima ulipie nafasi mapema. Treni za kawaida hupita reli ileile bila kuweka nafasi, kwa bei nafuu zaidi. Zitakutoa mita 429 hadi 2,253 bila reli ya meno ya kusaidia kukwea, kupitia daraja la mviringo la Brusio. Shuka njiani, Alp Grüm, mita 2,091, ambako kituo kina mkahawa unaotazamana na barafu ya Palü. Bei ni za Uswisi, kwa hiyo agizeni sahani chache mgawane, kisha msubiri treni inayofuata.