Asumini Ndani ya Ndoo ya Mchele

Bi harusi alitaka asumini. Si mawaridi, ambayo ukikosea petali unasema ndivyo yalivyochanua. Asumini nyeupe za sukari, petali tano tano, mia na ishirini, zimwagike kutoka ghorofa ya tatu ya keki mpaka ya kwanza kama kikuba kilichokatika uzi. Nikasema ndiyo. Mimi nikishaona pesa ya kutangulizia huwa sijui neno jingine.

Ilikuwa Aprili. Anayeijua Tanga ya masika ameshaanza kucheka.

Gampesti yenyewe, yaani lile donge la sukari la kutengenezea maua, si uchawi. Ute wa yai moja, sukari ya unga kiasi cha gramu 225, vijiko vidogo viwili vya ule unga wa kuvutisha uitwao CMC, na mafuta kidogo ya kupikia, yale yaliyoganda, ya kukandia. Hiyo CMC ndiyo inayoifanya sukari isukumike nyembamba kama karatasi bila kuchanika, halafu ikikauka inakuwa ngumu kama kigae. Fondanti, ile sukari laini ya kufunikia keki, huwezi kuifanyia hivyo, itakulalia. Wapo wanaotumia jelatini, lakini mama mkwe wangu aliwahi kukishika kipakiti chake akaniuliza, “Ya mnyama gani hii?” Nikagugumia. Akakitoa nje amekibana kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa panya. CMC asili yake miti na pamba, kwa hiyo nyumbani kwetu ina amani.

Donge la kwanza nilipima kwa jicho. Likaning'ang'ania vidole kama deni la kikoba. Nikaongeza sukari, likapasuka kama kisigino. Nikaongeza mafuta, likawa linateleza tu kibaoni halitaki kushikika. Mayai matatu yameshakwenda, na viini vyake tumeshavila mpaka mume wangu akauliza kama nimefungua banda la kuku. Mara ya nne nikaazima mizani, nikapima kama mfamasia, nikakanda, nikalifunga donge kwa nailoni na kuliweka kwenye kopo lenye mfuniko usiku kucha, maana CMC nayo inataka muda wa kukolea. Asubuhi nikalivuta. Tap! Likakatika. Hapo ndipo unajua limekubali. Likivutika kama bigijii, bado.

Nikakata maua yote mia na ishirini. Kila moja nikaliweka juu ya kipande cha sponji, nikaliminya katikati kwa kijiti chenye kichwa cha mviringo mpaka petali zikanyanyuka zenyewe. Nikayapanga kwenye sinia yamelala juu ya konfulawa, nikasimama kuyatazama, na sitaki kudanganya, machozi yalinilenga.

Yakagoma kukauka.

Yule mwalimu wangu wa video za kwenye simu alisema saa chache tu. Nyuma yake dirishani jua limetulia, na nchi aliyoko nadhani hata mvua yake inabisha hodi. Huku kwetu chumvi ya mezani imeshakuwa uji na milango imevimba haifungi. Sukari ya unga huvuta unyevu wa hewani kama jirani anavyovuta habari za ndani ya nyumba yako. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, ila unyevu wa masika haujawahi kuusikia msemo huo. Siku ya pili nikiinua ua, petali zinaning'inia kama masikio ya mbuzi. Nikawasha feni, ikanipulizia konfulawa usoni, maua yakabaki vilevile, maana hewa yenyewe ndiyo yenye maji. Nikayatia kwenye friji. Yakatoka magumu, nikapiga vigelegele, na kabla sijamaliza vigelegele yakaanza kutoka jasho. Kitu cha baridi kikikutana na joto la mtaani kwetu Ngamiani lazima kitoke jasho. Hilo nililijua tangu shule ya msingi, ila sikulikumbuka.

Alhamisi, ndoa Jumamosi, nikaikumbuka simu ya shemeji. Ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, wakaifukia ndani ya mchele, ikafufuka. Nikaiendea ndoo ya mchele ya nyumbani, nikayafukia maua yangu tabaka kwa tabaka, nikafunika. Sikumwambia mtu. Nikaenda kulala kidogo.

Jioni umeme ukakatika. Mama mkwe akapima mchele wa usiku kwa mwanga wa tochi ya simu. Na niambieni nyie, asumini nyeupe ya sukari ndani ya mchele mweupe, gizani, nani ataiona?

Mimi niliamshwa na sauti yake uani.

“Looo! Huu mchele mbona maji yake yanateleza?”

Alikuwa anaosha mara ya tatu. CMC ikikutana na maji inavimba na kuwa ute, kwa hiyo kila akichota kiganja maji yanashuka polepole kama mlenda. Akasema labda wanga. Akaupika vivyo hivyo, na tui la nazi juu yake. Nami nimekaa kitandani nimeshika kichwa, nikijiambia nitasema sasa hivi, sasa hivi, na miguu haitoki.

Baba mkwe ndiye aliyeonja wa kwanza.

“Mke wangu, leo wali umeutia sukari?”

“Sukari ya nini?”

“Basi onja.”

Akaonja. Kimya. Halafu nikasikia lile neno la uvumi ambalo miaka ile lilikuwa limejaa kwenye kila simu yenye intaneti: “Mchele wa plastiki!”

Dakika kumi nyingi, uani kuna watu kumi na tano. Kijana mmoja wa jirani, mtaalamu wa video za kutumiwa, akafinyanga tonge akalidunda sakafuni. Wallahi lilidunda. Wali ulioshikana vile utaacha kudunda? Wanawake wakapiga yowe. Baba mkwe akatoa kitu kwenye sahani yake, akakisogeza kwenye tochi, akakigeuza taratibu. Kilikuwa kimebaki petali mbili na nusu.

“Hili ni ua,” akasema.

“Ndiyo hivyo,” akajibu mama, “siku hizi plastiki wanaitia na mapambo!”

Wakamfuata Mpemba wa duka la kona. Akaja na kanzu yake ya msikitini, anaapa kwa kila alichonacho kwamba mchele ni wa Mbeya, na ameununua kwa pesa zake. Alipoanza kutetemeka mdomo, nikatoka.

“Shikamoo mama. Zile ni asumini zangu.”

Sitasimulia yaliyofuata. Mama mkwe alicheka wa mwisho, lakini alipoanza ilibidi ashikwe.

Ijumaa nilianza upya, asumini themanini tu. Nikazikausha ndani ya oveni ya shoga yangu wa Chumbageni, moto umezimwa, taa yake ya ndani tu inawaka na mlango umeachwa wazi kidole kimoja. Lile joto dogo la taa lilitosha. Zilipokauka nikazihifadhi kwenye kopo pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, nikiwa nimeviviringishia kitambaa visigusane na maua, na nikazibandika palepale ukumbini. Bi harusi hakuhesabu.

Mchele wa nyumbani ulibidi niulipe mimi. Jumatatu nikaenda dukani kwa Mpemba, nimejitanda mtandio mpaka puani, nikaomba kilo tano. Akachota, akapima, akafunga mfuko taratibu, akaushikilia.

“Wa kupika, dada,” akaniuliza, “au wa kukaushia maua?”

Mwaka wa ngapi huu, bado ananiuliza.