Si Kila Kinachozuia Joto ni Sponji

Wiki iliyopita niliingia katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam kutafuta kitu cha kuweka chini ya mabati ya nyumba ya mama, ambaye ikifika saa nane mchana hawezi kukaa sebuleni kwake. Muuzaji alinionyesha bidhaa tatu, na zote tatu aliziita sponji: ubao mweupe wa polistairini, karatasi laini yenye silva upande mmoja, na bunda la pamba ya kioo. Nilipouliza tofauti, alinijibu, "Dada, zote zinazuia joto, zinapishana bei tu."

Jibu hilo limenikera hadi leo, kwa sababu jina moja limeficha mambo ambayo mnunuzi hana budi kuyajua kabla ya kutoa fedha. Polistairini hushika moto na kutoa moshi mzito, ilhali nyuzi za pamba ya kioo haziwaki. Pamba hiyo nayo ikilowa kwa bati linalovuja hupoteza uwezo wake, jambo ambalo polistairini hulistahimili. Silva ni kitu kingine kabisa: haizuii joto kwa unene, bali kwa kuurudisha mnururisho, yaani joto linalosafiri kama miale, unaotoka kwenye bati la moto, na ili ifanye hivyo ni lazima uso wake unaong'aa uwe na nafasi ya hewa mbele yake. Fundi aliyeezeka nyumba yangu aliambiwa ni sponji, akaitandika kama sponji, uso wa silva ukiwa umebanwa kwenye bati, na joto likapita moja kwa moja kwa kugusana. Simlaumu fundi, kwani alifuata jina alilopewa.

Jipsamu nayo huuzwa kwa sifa hiyohiyo ya kuzuia joto, ingawa kwa unene ulio sawa hupitisha joto mara nne au tano zaidi ya polistairini. Hata namba ya R iliyochapwa kwenye bunda, yaani kipimo cha uwezo wa kitu kuzuia joto, haitoshi, maana R 3 ya vipimo vya metriki ni karibu mara sita ya R 3 ya Marekani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Kiswahili sanifu hakijawasaidia sana wauzaji: neno kihami, yaani kitu kinachozuia joto au umeme kupita, tumewaachia mafundi umeme na vitabu vya fizikia, na sijawahi kumsikia mtu akiomba kihami joto dukani. Lakini polistairini, pamba ya kioo na silva ni majina yanayotamkika, na muuzaji anayeweza kutofautisha bati la geji 28 na la geji 30 kwa kuligusa tu hawezi kushindwa kuyatumia.

Niliondoka bila kununua. Nimemwambia mama avumilie siku chache, hadi nipate duka litakaloandika kwenye risiti jina la kitu chenyewe.