Hajanyoa kichwa hata kimoja, tayari anadaiwa

Bwana afya alikuja jikoni kwangu Jumanne iliyopita. Hapa Leicester, Uingereza, nauza maandazi na sambusa, napika nyumbani, na nilijisajili halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, kama sheria yao inavyotaka. Bure. Hii ilikuwa mara yake ya pili kunikagua.

Kengele ilipolia nilifanya jambo ambalo kila aliyewahi kuuza chakula Bongo atanielewa: kabla ya kugusa kitasa nilipapasa pochi nione kama kuna noti. Miaka tisa niko huku, mkono bado unakumbuka. Yule baba akapima ubaridi wa friji, akauliza mafuta ya kukaangia nayamwaga wapi, akachungulia nyuma ya jiko, mahali ambapo sikutaka kabisa achungulie. Hata chai alikataa. Baadaye nikapewa stika ya usafi yenye namba 5, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Sikulipa kitu. Nikakaa kwenye ngazi nikiitazama, kisha nikamkumbuka mdogo wangu na furaha yote ikakata.

Mdogo wangu amefungua saluni ya kiume Morogoro. Mlolongo mnaujua. Fremu kwanza, na mwenye fremu anataka miezi sita mkononi. Juu yake kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, ambayo mpangaji anatakiwa aikate na kuipeleka serikalini. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye fremu, lakini jaribuni kumkata kwenye pango muone kama mtapewa funguo. Halafu TIN, namba ya mlipakodi. TIN yenyewe haiuzwi, shughuli iko kwenye makadirio ya kodi. Afisa wa kodi akatazama viti viwili na kioo, akauliza, "Unategemea kuingiza kiasi gani?" Kijana wa watu akajibu kwa uaminifu, hapo ndipo alipojimaliza. Akakadiriwa, akalipa robo ya kwanza, ndipo akaenda kufuata leseni. Wakaja zimamoto. Ikaja ada ya taka. Ikaja ya bango, bango lenyewe kaandika rafiki yake kwa rangi iliyobaki kwenye geti. Mashine ya kunyolea bado iko kwenye boksi.

Mimi nilianza kuuza Mei 2024. Mwaka wa kodi hapa unaisha Aprili 5, kwa hiyo hesabu zangu za kwanza zilifungwa Aprili 2025. Nikapewa hadi Oktoba 5 kuwaambia watu wa kodi kwamba nafanya biashara. Pesa yenyewe wanaitaka Januari 31, 2026. Hesabuni kwa vidole: miezi ishirini tangu andazi la kwanza. Na kama mauzo yangu ya mwaka mzima yasingezidi pauni 1,000, nisingelazimika hata kujitambulisha.

Ni hilo tu lililonikaa rohoni. Sizungumzii barabara, wala umeme, wala treni. Nazungumzia serikali inayokusubiri uuze kwanza.

Sasa najua yatakayofuata. "Dada kaona theluji mbili tatu, anatufundisha maisha." Jamani, mimi huku si bosi. Usiku nafungasha maboksi ghalani, asubuhi nakanda unga. Niliomba mkopo wa serikali wa kuanzia biashara nikakataliwa, eti historia yangu ya mikopo ni fupi. Kwetu mtu asiye na madeni anasifiwa, huku anatiliwa shaka! Oveni yangu niliinunua kwa zamu yangu ya upatu, tupo akina mama kumi na wawili, Watanzania, Wakongo na Mkenya mmoja mkali ndiye mweka hazina. Hakuna benki ya Uingereza iliyonifanyia hivyo. Kwa hiyo msiniambie nimesahau nilikotoka, oveni ninayopikia ni ya nilikotoka.

Mwingine atasema na sisi tunayo nafuu: mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Ni kweli. Gawanyeni kwa siku 365. Inakuja kama elfu kumi na moja kwa siku, na hayo ni mauzo, faida hatujaigusa. Muuza chipsi gani anafunga jiko kwa elfu kumi na moja?

Na ile mikopo ya vikundi ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, mimi naipigia makofi. Haina riba. Nikiwaambia wenzangu hapa wanadhani natunga. Ikasimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarejeshwa 2024, vizuri. Ila mdogo wangu hana kikundi, ana saluni. Na hata akiupata huo mkopo, sehemu yake itarudi kulekule ilikotoka kwa njia ya ushuru kabla mteja wa kwanza hajakaa kitini. Si bora wangempa mwaka mmoja wa kumwacha tu?

"Wakiwaacha watakimbia." Wakimbilie wapi? Ana namba ya NIDA, ana TIN, ana laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Na fremu haina miguu.

Kusema haki, hawa wa Uingereza nao wana makadirio yao. Ukidaiwa zaidi ya pauni 1,000, mara nyingi wanataka na nusu ya kodi ya mwaka unaofuata hapohapo, na nyingine Julai. Nilipogundua nilitukana kwa Kiswahili peke yangu jikoni. Lakini wanakadiria kutokana na nilichoingiza kweli mwaka uliopita, hawaji kuhesabu viti.

Jana usiku mdogo wangu kanitumia sauti. "Dada, robo ya pili imefika, wateja bado wanasuasua, sijui unanisaidiaje." Nina kopo la biskuti ambamo natunza kodi yangu ya Januari, kila wiki naweka kidogo, mazoea ya mama. Nimechomoa humo nikamtumia.