Vimeng'enya vya ivermectin: tuviboreshe vitoe dawa ile ile au tutafute nyingine?

Ile sindano ya minyoo ya ng'ombe na vile vidonge vya usubi (ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho) wanavyogawa kule Mahenge ni dawa moja, ivermectin, na asili yake ni bakteria wa udongoni, Streptomyces avermitilis, Satoshi Ōmura alimpata kwenye udongo wa Kawana, Japani, na yeye na William Campbell wa kampuni ya dawa ya Merck wakapewa Nobel 2015. Huyo bakteria ana vimeng'enya (protini zinazofanya kazi ya kemia ndani yake) vikubwa vyenye vituo 12, kila kituo kinaunga kipande kidogo cha kaboni na kupasia kinachofuata, mwisho inatoka avermectin. Ila hiyo bado siyo ivermectin, kiwandani inabidi waiongezee haidrojeni kwa msaada wa rodiamu, na rodiamu ni madini ghali sana.

Ndo maana kuna watafiti wanachukua vipande vya vimeng'enya vya bakteria wengine na kuvipachika kwenye hivi ili ivermectin itoke moja kwa moja tangini. Hoja yao ina nguvu, hatua nzima ya kemia inaondoka, na mfugaji anayenunua dawa kwa hela yake mfukoni bei ikishuka kwake ni kitu kikubwa.

Lakini kwenye usubi bei siyo tatizo, Merck wanaitoa bure tangu 1987! Tatizo ni kwamba inaua minyoo michanga tu, mikubwa inabaki inaishi mwilini, kwa hiyo watu wanameza kila mwaka kwa miaka 10 mpaka 15. Na kwa mbuzi na kondoo, minyoo ya tumboni ishakuwa sugu sehemu nyingi duniani, sasa dawa ile ile kwa bei ya chini itamfanya nini mnyoo sugu?

Kinachonivutia mimi ni doramectin. Walichukua bakteria aliyekosa kimeng'enya cha kumtengenezea kianzio, yaani kile kipande cha kwanza ambacho vituo vinaanza nacho, wakamlisha kianzio kigeni, asidi yenye pete ya kaboni sita, vile vituo vikakipokea na kuendelea na kazi, ikatoka dawa mpya ya mifugo. Vimeng'enya hivi havichagui sana jamani! Shida tu doramectin ni ndugu wa ivermectin, inampiga mnyoo sehemu ile ile ya mwili, kwa hiyo mnyoo aliyezoea moja mara nyingi hata nyingine haimsumbui.

Kwa hiyo hela ya utafiti mimi ningeipeleka kwenye vimeng'enya ambavyo havijaguswa, na wala siyo lazima twende mbali, jenomu (orodha nzima ya jeni) ya huyu huyu avermitilis ilipochapishwa 2003 yalionekana makundi kama 30 ya jeni za kutengeneza kemikali za namna hii, na avermectin ni kundi moja tu.