Talaka Imetoka Tanga, Mali Imeulizwa Leicester

Jumamosi iliyopita nilikaa mezani na dada yangu hapa Leicester, Uingereza, tukawa tunasoma fomu ya mali ambayo aliyekuwa mume wake ameijaza kwa ajili ya mahakama ya huku, dada alikoomba mgawo wake baada ya talaka ya Tanga, ukurasa baada ya ukurasa. Tulipofika sehemu ya nyumba na ardhi, dada akaweka kidole kwenye mstari mmoja akaniuliza, "Hiki kiwanja cha Pongwe ni cha nani?"

Kilikuwa cha shemeji, huko kwetu Tanga. Alikinunua mwaka 2011, wakati dada akifanya usafi wa maofisi usiku na kurudi asubuhi kuwaandaa watoto waende shule. Ndoa ya miaka 19, na kiwanja amekuja kukijua kwenye karatasi za mahakama. Hakulia. Alikunja tu ile karatasi pembeni kama alama, tukaendelea na ukurasa unaofuata.

Yaliyotangulia mnayajua hata nisipoyaeleza, maana kila familia ina la kwake. Walioana Tanga, wakahamia huku, shemeji akaenda nyumbani likizo, talaka ikapita Mahakama ya Mwanzo, picha ya karatasi ikaingia kwenye WhatsApp ya dada akiwa kazini. Akaandikiwa matumizi ya eda na kitoka-nyumba, yaani cha kumliwaza aliyeachwa. Kwenye mali, kaka yetu aliyesimama kwa niaba yake aliulizwa swali moja: risiti ziko wapi?

Ugomvi wangu uko kwenye swali hilo. Nyumbani mwanamke huulizwa, "Ulichangia nini? Lete ushahidi." Huku kila mmoja, mume na mke, huulizwa, "Una nini? Andika chote." Utadhani ni swali moja lililogeuzwa maneno, kumbe umbali wake ni mkubwa. La kwanza linamtwisha mzigo asiye na karatasi. La pili linamtwisha mwenye nazo. Fomu hii, wanaiita Fomu E, inataka akaunti zote popote duniani, taarifa za benki za miezi 12, pensheni, biashara, madeni, hata kitu kimoja kimoja cha ndani chenye thamani ya zaidi ya pauni 500. Mwisho unatia saini kwamba umesema kweli, na ukidanganya makusudi unaweza kufungwa. Ndivyo kiwanja cha Pongwe kilivyojitokeza. Hakikuletwa na wema wa mtu.

Ami yangu mmoja ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, dakika saba nzima. Anasema talaka imeshatoka Tanga, ya Kiislamu, mbele ya hakimu, sasa mahakama ya Uingereza imepata wapi mamlaka? Ami, shikamoo. Nakujibu kwa heshima, ila nakujibu.

Mahakama ya huku haijaigusa talaka. Imeanza kwa kuikubali. Kuna sheria ya mwaka 1984, Sehemu ya Tatu, waliyoitunga kwa sababu watu walikuwa wakiachwa nchi za nje, talaka ikitambuliwa England, halafu jaji anabaki hana uwezo wa kuamuru hata senti moja. Sheria hiyo inamruhusu aliyeachwa nje, kwa shauri lililopita kwenye chombo rasmi, aje aombe haki ya mali. Wala haombi moja kwa moja. Kwanza anaomba ruhusa ya kuomba, na jaji anataka sababu nzito. Lazima pia kuwe na kinachowafunga na nchi hii: mmoja wao makazi yake ya kudumu ni hapa, au ameishi hapa mwaka mzima kabla ya maombi au kabla ya talaka, au ipo nyumba hapa iliyokuwa ya ndoa. Dada na shemeji wote wawili wameishi hapa miaka 16. Na akiwahi kuolewa tena kabla hajaomba, mlango umefungwa.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mke na mume wa Kinigeria walioachana kwa hukumu ya Nigeria. Mke alikuwa amehamia England, na alichopewa Nigeria kisingemwezesha kupata pa kuishi huku. Majaji walisema hawakai kama mahakama ya rufaa juu ya Nigeria. Waliangalia uzito wa uhusiano wa watu wale na nchi zote mbili, wakamrudishia kile alichokuwa amepewa na jaji wa kwanza wa England. Haikuwa ndoa ya Kiislamu, lakini njia ni hiyohiyo dada anayopita leo.

Na kwa ndugu zangu wanaume wanaoambizana barazani kwamba dawa ni kutamka tu ukiwa nyumbani, bila mahakama wala nini, ili Mwingereza akose pa kushika: mnadanganyana. Talaka isiyopita kwenye shauri lolote haitambuliwi huku ikiwa mmoja wenu alikuwa mkazi wa Uingereza mwaka mzima kabla yake. Ukiitamkia jikoni kwako Leicester ndiyo kabisa, kisheria hujaacha mtu. Mkeo bado mkeo mbele ya jaji, atafungua talaka ya kawaida na mali itaulizwa vilevile.

Najua kinachofuata. "Huyu amekaa ulaya, anajiona. Anatutukania dini na nchi." Hapana jamani. Mimi ni mtoto wa madrasa ya Tanga na sioni haya kusema nilikotoka. Mwanamke wa Kiislamu alikuwa na mali yake na mahari yake karne nyingi kabla mke wa Kiingereza hajaruhusiwa kumiliki mali kwa jina lake, jambo lililokamilika kwa sheria ya mwaka 1882. Sura ya Al-Baqara imetaja wazi kwamba walioachwa wapewe cha kuwaliwaza, kwa wema.

Tena si dini peke yake. Sheria ya Ndoa tunayo tangu 1971, na kifungu cha 114 kinampa hakimu uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama yetu ya Rufani ilisema kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali hiyo. 1983! Majaji wakubwa wa London walikuja kutamka kwa uzito kwamba mlezi wa nyumba asidharauliwe mbele ya mleta pesa mwaka 2000. Tuliwatangulia miaka 17. Najivunia hilo na nimemwambia wakili wa dada, Mwingereza, akaandika.

Sasa niambieni, ikiwa tulishasema hivyo 1983, kwa nini kaka yetu aliulizwa risiti? Risiti ya kumbeba mtoto mgongoni inatolewa na duka gani? Kinachoniuma si kwamba Wazungu wanajua kuliko sisi. Jibu tulikuwa nalo, likabaki kwenye vitabu vya mawakili, na yule mama aliyeachwa anayesimama Mahakama ya Mwanzo halimfikii.

Huku nako si peponi. Msaada wa serikali wa mawakili kwa kesi kama hizi ulikatwa mwaka 2013, isipokuwa kwa wachache kama waliopigwa au kunyanyaswa na wana ushahidi. Tumechanga ndugu wanne. Na mabinti mnaofungishwa nikaha sebuleni au msikitini huku bila kuiandikisha serikalini, sikieni: mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya England ilisema ndoa ya namna hiyo si ndoa kwao kabisa, na mkiachana hamna cha kudai kama mke na mume. Nikaha ya dada iliyoandikishwa Tanga ina nguvu Leicester kuliko nikaha iliyofungwa Leicester yenyewe. Nendeni mkaandikishe, wiki hii.

Wengine watasema nimemwanika shemeji, mtu aliyenipokea uwanja wa ndege na kunilaza kwake miezi minane. Ni kweli alinipokea. Na chakula nilichokula miezi hiyo minane dada alikipika akitoka kazini.

Siku ya kusikilizwa ni mwezi ujao. Dada ameniomba nitafute karatasi zake za mshahara wa zile ofisi, tangu 2009. Zimo kwenye boksi la viatu, nimezipanga kwa miezi juu ya kitanda. Inakosekana Machi 2011 tu, na tumekumbuka kwa nini: hakwenda kazini mwezi ule, mdogo wa mwisho ndipo alipozaliwa.